Mpishi wa Sumu kwenye Ateliye ya Kitsa

Jumamosi, 9 Septemba 2000

Mvua imerudi Butembo, na sisi tumerudi kuwa wabaya.

Tulikuwa hatujacheza tangu Juni. Leo baada ya chakula cha mchana Kitsa alisogeza mbao ukutani mwa ateliye, karakana yake ya useremala, akafagia unga wa msumeno, akalaza mlango ambao mteja hakuja kuuchukua, ukawa meza yetu. Nikafungua sanduku la mchezo. Aliniachia Mbelgiji aliyetufundisha Kifaransa, kabla vita ya kwanza, ya 1996, haijamkimbiza: kitabu cha sheria, ramani ya nchi isiyokuwako, na dadu za kila namna, nyingine zina pande nne, nyingine ishirini. Mimi ndiye ninayeongoza. Ninasema, "Mumefika kwenye mulango wa muji, balinzi balilala," na kila mmoja ananiambia mtu wake anafanya nini. Dadu zinaamua kama amefaulu.

Watu wote wa mchezo wetu ni waovu. Nilipendekeza mara moja tucheze mashujaa, Virginie akakataa. "Bazuri banateswa kila siku hapa inje," alisema. "Mi nilichoka kuwa muzuri." Virginie ni mke wa Kitsa, na rafiki yangu tangu shule ya msingi. Wao wawili ni wa Nyumba ya Majivu, wanaomtumikia malkia aliyekufa: Kitsa ni Harumba, komanda wa walinzi wake, mwenye shoka, na Virginie ni mchawi anayezungumza na popo. Esdras, karani wa mnunuzi wa kahawa, ni wa kundi adui, Wana wa Meno. Mtu wake anaitwa Zeliko, mpishi wa sumu.

Makundi hayo yanachukiana kuliko yanavyowachukia watu wema, lakini yanasafiri pamoja. Yameiba fuvu la mfalme: Majivu wanajua njia ya kulifikisha, Meno wana ufunguo wa mahali linapokwenda. Wameapa kwamba hakuna atakayemgusa mwenzake mpaka daraja la Mto Mweusi. Na kwa kuwa hakuna mwingine ajuaye kupika, ni Zeliko anayewapikia wote. Kila jioni Harumba anamlazimisha aonje kwanza, kisha anakula kuliko wote.

Tulicheka mpaka majirani wa mtaa wa Mususa wakachungulia.

Jumatano, 13 Septemba

Mvua. Nusu ya darasa langu haikufika, mto Kimemi umejaa.

Jumamosi, 23 Septemba

Harumba alianguka shimoni leo. Dadu ya Kitsa ilimkataa mara tatu. Fuvu lilikuwa mikononi mwa Zeliko, njia iko wazi, angeweza kuondoka zake. Virginie alikwisha kuanza kumlaani. Esdras akasema kwamba Zeliko anafunga kamba kwenye mti na kushuka.

"Unaokoa adui yako juu ya nini?" nilimuuliza.

"Akikufa leo, nani atanilinda mupaka daraja?" Halafu akamtazama Kitsa. "Na tena, ni yeye tu anapendaka chakula yangu."

Kitsa alicheka akapangusa macho kwa mkono wenye gundi. Walisoma pamoja hao wawili, darasa moja tangu utoto, na Esdras bado anamwita Yaya, kaka mkubwa, kwa sababu Kitsa amemzidi mwaka. Mimi namtazama Esdras anapocheza na sijui niseme nini. Anadanganya vizuri sana. Akiongopa sauti yake inakuwa laini zaidi, na mtu anataka kumwamini.

Jumamosi, 30 Septemba

Hatukucheza. Maofisa wa kambi ya jeshi wameagiza vitanda, Kitsa anafanya kazi hata Jumamosi. Askari wao wanakuja kila wakati kuuliza kama viko tayari. Kitsa anawaita "chef", mkubwa, hata walio wadogo kuliko yeye, na wakishaondoka anarudi kuranda ubao aliokwisha kuuranda.

Jumatano, 11 Oktoba

Risasi upande wa Musienene. Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, wanasema. Wengine wanasema ni askari wenyewe kwa wenyewe. Nilifundisha vitenzi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Tumefika darajani.

Alhamisi Esdras alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akaninong'oneza mpango wake. Sheria inaruhusu: mchezaji anaweza kumwambia kiongozi siri. Niliukubali, na sitaandika kwamba niliukubali kwa shingo upande. Ulinipendeza.

Leo mvua ilipiga mabati hata tukawa tunasema kwa kupaza sauti. Nilisimulia daraja, ukungu, mto chini yake. Zeliko akapika. Harumba akamwonjesha kama kawaida, naye akaonja, kwa sababu sumu haikuwa chunguni, ilikuwa kwenye bakuli la Harumba.

"Ile komanda ya Majivu itakufia hapa kwenye daraja!" Esdras alipaza sauti akisimama, kama mtu wa tamthilia. "Sumu iko tayari tangu juzi!"

Kitsa akarusha dadu. Moja. Hakuna namba mbaya kuliko hiyo. Harumba akafa.

Virginie alianza kucheka, kisha akauona uso wa mumewe.

"Tuliapa," Kitsa alisema. "Mupaka daraja."

"Na tuko wapi, Yaya? Si daraja hii?"

"Nilikula chakula yako miaka mbili."

"Yaya, ni muchezo."

Kitsa akaziokota dadu moja moja, akazirudisha sandukuni, akanipa. Kwa Esdras alisema tu, "Ondoka kwangu." Esdras akangoja kidogo kuona kama ni mzaha. Halafu akatoka kwenye mvua bila kofia.

Mtu anaweza kumeza mengi kwa siku nzima, chef huyu, chef yule, halafu kitu kidogo kikamkwama.

Jumatatu, 16 Oktoba

Esdras amepanda lori la kahawa kwenda Beni na bosi wake. Hakuja kuaga.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nilikuwa ubaoni Virginie alipotokea mlangoni, miguu mitupu, matope mpaka magotini.

Wamemchukua Kitsa. Askari wa ofisi ya upelelezi, kwa pikapu, saa za mchana watu wote wakiona. Walimlaza kifudifudi juu ya vitanda alivyowatengenezea wenyewe, na moja kwa moja njia ya Beni. Virginie alishika mlango wa gari mpaka wakampiga vidole.

"Baliuliza kitu gani?" nilisema.

"Baliuliza: komanda gani atakufia kwenye daraja? Nani iko na sumu? Jemima, bale batu balijua maneno ya daraja!"

Tukatazamana. Wanne tu ndio tuliokuwa pale. Mmoja amefungwa. Wawili tumesimama hapa. Wa nne alikwenda Beni Jumatatu, na bosi wake anakunywa chai na maofisa ili malori yapite.

Virginie ndiye aliyelisema jina. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulifikiri.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kambini walitufukuza. Padri wa Virginie amepiga foni, redio ya misheni, mpaka Beni, wakamjibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Nilimwomba mchungaji wetu naye ajaribu. Jibu lile lile.

Jumapili, 22 Oktoba

Baada ya ibada niliketi ndani kwa sababu ya mvua. Mtu akagonga dirisha. Esdras.

Sikufungua mlango. Nilifungua dirisha kiasi cha mkono.

"Nimerudi leo asubui. Balinielezea kwenye njia," alisema. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. "Nipe sanduku."

"Ya kufanya nini?"

"Kuwaonyesha. Mutu akisikia kwa mudomo hataamini. Akiona kitabu, akiona ramani, dadu, ataona kama ni muchezo. Bosi wangu anajua mutu kule."

"Unajua batu bengi kule, Esdras."

Alinielewa mara moja. Akaukamata mti wa dirisha.

"Jemima. Ile ilikuwa muchezo."

"Kwako mi sijui muchezo inaishaka wapi."

Nilitaka akasirike. Mtu mwenye hatia hukasirika, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Alinyoosha tu mikono. Nikampa sanduku kupitia dirishani, akalifunga ndani ya koti lake, akaniambia "Wasingya," asante ya kwetu, kwa sauti ile laini. Nikafunga. Nilifikiri: hata sasa anadanganya.

Jumatano, 25 Oktoba

Hakuna habari. Virginie hali chakula.

Alhamisi, 2 Novemba

Kitsa amerudi!

Alishuka kwenye lori la chumvi sokoni, watu wakamleta wakimshika mikono. Mdomo umepasuka, anatembea kama mzee. Virginie alipiga kelele, halafu akashindwa kumgusa, hajui pa kumgusia. Nyumba ilijaa. Tuliimba, Wakatoliki na Waprotestanti kila mmoja wimbo wake, kwa pamoja, haikuwa nzuri na hakuna aliyejali.

Watu walipopungua nilimuuliza kama alimwona Esdras.

"Nilimuona."

"Na iko wapi?"

Kitsa akageukia ukuta. "Alibakia kule. Na bakubwa yake."

Kwa hiyo ilikuwa kweli.

Jumamosi, 4 Novemba

Saa ya mchezo ilifika, ikapita. Nilipika maharagi.

Jumapili, 12 Novemba

Kitsa ameanza kuranda mbao tena, ila ameufunga mlango wa ateliye kwa ndani. Ukibisha anauliza jina mara mbili. Nilimpelekea maziwa. Nilisema, ili kumfurahisha, kwamba Mungu atamlipa Esdras. Randa ikasimama. "Hapana sema jina yake hapa," aliniambia. Nilidhani ni hasira.

Jumamosi, 18 Novemba

Mama Rébecca, mama yake Esdras, alinisimamisha njiani nikitoka sokoni. Alikuwa na kitambaa cha kanisa letu kichwani na mwavuli uliovunjika. Aliuliza kama nimesikia lolote juu ya mtoto wake. Tangu alipoondoka na sanduku langu hajarudi.

Nilimjibu kwamba walio na marafiki wakubwa hawapotei.

Hakuelewa. Alinishukuru.

Jumanne, 28 Novemba

Mvua ya mawe. Mitihani.

Jumamosi, 9 Desemba

Musienene. Nilikwenda na Virginie kuvuna maharagi ya wazazi wake, maana mvua imepumzika na watu wanaharakisha kabla haijarudi. Kitsa hakuja. Tulikuwa tumekaa juu ya mkeka tukipiga maganda kwa fimbo, mama yake amekwenda kuteka maji, na Virginie akasimamisha fimbo yake.

"Kama sisemi kwako nitapasuka," alisema.

Kitsa alimwambia juma lililopita. Naandika kama alivyonieleza.

Walimtoa kwenye shimo wanamofungia watu, wakamkalisha mbele ya komanda. Juu ya meza kulikuwa na sanduku letu. Esdras alikuwa amesimama pembeni, amevaa shati safi, hajapigwa. Kitsa alipoliona lile shati hakuona kitu kingine tena. Komanda akamwambia Esdras, basi, chezeni nione. Esdras akafungua ramani, akamwambia Kitsa polepole, kama ninavyosema mimi, "Harumba, uko mbele ya daraja. Unafanya nini?"

Kitsa hakujibu. Aliamini ni mtego.

Komanda akachoka. Akauliza, "Kwa hii kikundi yenu, nani anaongozaka?"

"Na Kitsa akasema nini?" nilimuuliza Virginie, ingawa mikono yangu ilikwisha kujua, ilikuwa imeacha maharagi.

"Akaonyesha Esdras. Akasema: ni ule. Ule ndiyo mukubwa yetu, ule njo anapangaka yote." Virginie alikuwa analia bila sauti. "Aliona kama analipiza. Na tena, Jemima, angesema jina ya nani? Kiongozi ni nani?"

Kiongozi ni mimi. Ni mimi ninayepanga yote.

"Komanda akamuuliza Esdras kama ni kweli. Esdras aliangalia Kitsa, akaangalia komanda. Akasema ndiyo, ni mi. Pale pale bakamuvua ile shati. Kitsa bakamuachilia kesho yake."

Mama yake Virginie akarudi na ndoo, akatuona, akauliza nani amekufa. Tulisema ni vumbi la maganda.

Jumapili, 10 Desemba

Sikwenda kanisani. Mama Rébecca anakaa benchi la mbele yangu.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimekwenda kwake. Nilimwambia yote, pamoja na neno langu la njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mboga. Kisha aliuliza kitu kimoja, kama kule Beni wanawapa wafungwa blanketi.

Jumatano, 20 Desemba

Shule imefungwa. Habari imefika kupitia dereva wa lori: Esdras yuko hai! Ametolewa, yuko kwa shangazi yake, Mama Sophie, Beni. Mama Rébecca ameondoka leo. Nimemwomba amuulize kama naweza kuja.

Jumatano, 27 Desemba

Hakuna jibu lililokuja. Nimekwenda hivyo hivyo.

Beni kuna joto, shati linashika mgongoni. Mama Sophie anauza mawese, uwanja wake wote unanuka mafuta. Esdras alikuwa barazani, amekonda, kichwa ameinamisha upande mmoja. Sikio la kushoto halisikii tena, kwa hiyo nilihamia upande wa pili. Mama yake alituletea chai, akaingia ndani.

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Butembo. Yalipotea yote. Nikamuuliza alitokaje.

"Komanda ingine alikuja," alisema. "Akauliza huyu anafungwa juu ya nini. Hakuna aliyejua. Bakanifukuza."

Alinieleza nani aliyetusikia. Ni mlinzi mmoja wa shimoni, mwenyewe alimwambia bila hata kuulizwa. Jumamosi ile alikuwa ametumwa kuangalia vitanda, mvua ikamkuta, akajibanza chini ya mabati ya ateliye. Akasikia komanda, daraja, sumu. Akapeleka ripoti kama alivyofundishwa. Hakuna aliyemuuza mtu.

Halafu alinieleza shimo. Ndani kulikuwa na Mai-Mai na askari waliotoroka jeshi, watu waliokuwa wakitafutana kwa bunduki msituni, sasa wanagawana ndoo moja ya maji. Siku za kwanza walipigana juu ya hiyo ndoo. Akaanza kuwasimulia. Bila kitabu, bila dadu, waliokota vijiwe. Wote walitaka kuwa wabaya, kama sisi. Mai-Mai wakachagua Majivu, watoro wakachagua Meno. Akawapa fuvu la kubeba, na kiapo: hakuna kumgusa mwenzako mpaka daraja.

"Na mulifika kwenye daraja?"

"Hapana. Mi njo nilikuwa naongoza. Kila siku nilizidisha njia." Alikunywa chai. "Siku moja bakachukua muzee mumoja wa Majivu. Hakurudi. Batoro ya Meno, adui zake, bakasema: mutu wake asikufe. Bakamuchezea kwa zamu, kila asubui."

Nilimuuliza kwa nini alisema ndiyo, mbele ya komanda.

"Kama ningekatala, angeuliza Kitsa tena. Na Kitsa alikuwa anachoka."

"Ilikuwa jina yangu."

"Najua ilikuwa jina ya nani."

Nikamwambia kwamba nilimkosea. Kwamba nilimdhania mwongo kwa sababu alicheza mwongo vizuri. Alinisikiliza kwa sikio lake zima.

"Ulinipa sanduku kwa dirisha," alisema. "Mvua inanyesha, na ulifunga. Kule ndani nilikuwa ninafikiri ile kuliko fimbo."

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali. Tulikaa mpaka Mama Sophie akaita kwamba lori la mwisho linapakia. Aliniruhusu nimshike mkono. Hakuuliza habari za Kitsa, na Butembo alisema hatarudi kukaa.

Alhamisi, 28 Desemba

Kitsa alikuwa ananingoja kwenye parseli yetu, mbele ya nyumba, tangu asubuhi, kofia mkononi.

"Alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kumbunia salamu. Kazi yangu ni kubuni.

"Hakuuliza juu yako," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akaketi chini penye udongo wenye maji, suruali yake ya kazi ikalowa, na sikuweza kumwinua.

Jumatatu, 1 Januari 2001

Mwaka mpya. Kasiksi, pombe ya ndizi, kwa majirani, risasi hewani kambini. Virginie na mimi tulikaa jikoni.

Jumamosi, 6 Januari

Kitsa alipanda lori Alhamisi bila kumwambia mtu. Leo alasiri amerudi, akapitia kwangu kabla ya kwenda kwake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Rébecca njo alinifungulia," alisema. "Nilifikiri atafunga. Akaniletea kiti."

"Na Esdras?"

"Alikuwa pale. Nilisema yote. Sikusema vile balinipiga, juu asiwaze ninajitetea. Nilisema tu: nilitaja jina yako, na nilijua ninafanya nini. Akaenda kusaidia shangazi yake kubeba pipa ya mawese. Nikabeba upande ingine. Tulibeba mingi. Hapana neno."

Alivua kofia, akaitazama ndani.

"Wakati ya kuondoka nikamuomba masamaha. Akaniangalia kabisa, Jemima. Akasema: leo hapana."

Nikamngoja amalize, lakini alikuwa amemaliza.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo. Leo hapana." Akavaa kofia tena. "Lori inarudi Beni siku ya ine."

Nikamwambia Alhamisi anipitie.